Maxima kwa laptop kuukuu na bando dogo: inafaa, lakini ijue tabia yake

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Aliyesoma faraidhi, elimu ya mirathi ya Kiislamu, ataitambua masala hii papo hapo: mke ana thumuni, yaani 1/8, mabinti wana 2/3, baba 1/6 na mama 1/6. Ukijumlisha unapata 27/24. Imezidi moja, kwa hiyo masala imeingia auli: asili inapanda kutoka 24 hadi 27, na thumuni ya mke inageuka 1/9. Tuseme urithi wenyewe ni shamba la Pemba lenye mikarafuu 540. Kalkuleta ya tarakimu saba itakupa 0.1111111 mara 540, sawa na miti 59.999994. Ndani ya Maxima, programu ya kompyuta ya aljebra, utaandika hivi:

h: [1/8, 2/3, 1/6, 1/6];
s: apply("+", h);
540*h/s;

Jibu ni [60, 320, 80, 80]. Mke miti 60, mabinti 320 kwa pamoja, wazazi 80 kila mmoja, na jumla inarudi 540 kamili.

Hiyo ndiyo kazi ya programu ya aljebra. Haikimbilii desimali. Sehemu hubaki sehemu, kipeuo cha pili cha 2 hubaki kama kilivyo, na x hubaki x mpaka uiambie vinginevyo. Wala mfano wa mirathi hatukuutafuta mbali: al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 na ambaye kitabu chake ndicho kilicholeta neno lenyewe aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mahesabu ya wasia na mirathi. Kwa mwalimu wa skuli ya sekondari, kwa mwanafunzi wa chuo pale Tunguu, au kwa mtu wa faraidhi anayetaka kuhakiki mgao kabla hajausoma mbele ya warithi, Maxima ndiyo programu ya kwanza ya kupendekeza hapa Unguja na Pemba. Ni ya bure kihalali, haihitaji intaneti ikishaingia kwenye mashine, na laptop ya RAM ya GB 4 inaibeba vizuri.

Chimbuko lake ni Macsyma, iliyoanza kuandikwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968, kwa lugha ya programu iitwayo Lisp. William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas aliitunza nakala ya Wizara ya Nishati ya Marekani tangu 1982, na mwaka 1998 akapata ruhusa ya kuitoa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuibadili na kuigawa. Alifariki 2001, na tangu hapo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Umri huo unaonekana. Ujumbe wa makosa ni mkavu, na baadhi ya amri zina majina ya kizamani. Upande wa pili, sehemu za msingi, kama kutafuta vigawo vya polinomia, derivetivu, matriksi na sehemu zenye asili kubwa, zimepitiwa na macho mengi kwa miaka mingi na zinaaminika.

Kuisimika si kazi. Pakua mara moja pahala penye Wi-Fi nzuri, weka faili kwenye flashi, kisha gawia darasa zima. Leseni inaruhusu kabisa, na hakuna sababu ya kila mwanafunzi kumaliza bando lake. Kwa Windows, kifurushi kimoja kina Maxima yenyewe, wxMaxima ambayo ni dirisha la kuandikia, na gnuplot inayochora grafu. Kwa Ubuntu, amri ni sudo apt install wxmaxima. Toleo la Android lipo pia, nalo linatosha kuhakiki jibu moja ukiwa njiani, ingawa kuandika mabano matano kwa kidole kwenye skrini ya simu kunachosha.

Tatizo linalowakuta wengi siku ya kwanza kwenye Windows ni wxMaxima kufunguka kisha kusema haikuweza kuunganishwa na Maxima. Hizi ni programu mbili zinazozungumza kwa njia ya mtandao wa ndani ya mashine hiyohiyo. Antivairasi au ukuta wa usalama ukiona mazungumzo hayo huyazuia, na mtumiaji hudhani amepakua faili bovu. Ruhusu wxMaxima kwenye ukuta wa usalama, funga, fungua tena. Hakuna kinachotoka kwenda intaneti.

Halafu kuna kitufe. Enter inakushusha mstari tu. Kinachokokotoa ni Shift pamoja na Enter. Unaweza kulibadilisha hilo kwenye mipangilio, lakini kwa darasa ni bora kila mtu azoee hali ya kawaida, maana mwanafunzi atakutana nayo kwenye mashine nyingine.

Sasa makosa ya kuandika. Hapa ndipo watu huikatia tamaa programu isiyo na kosa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ukiandika 2x utaambiwa kwamba x si kitendo cha katikati. Andika 2*x. Alama ya = haiweki thamani; inaandika mlinganyo tu. Ukitaka a iwe 5 andika a: 5, na ukitaka kuunda kanuni andika f(x) := x^2 + 1. Pai ni %pi, na ile namba ya 2.718 ni %e. Ukisahau alama ya asilimia, Maxima haitakukatalia: itaichukua pi kama herufi yoyote, na mwisho wa hesabu utaona neno pi limekaa palepale bila kugeuka namba. Kosa la aina hiyo ni baya kuliko linalopiga kelele. Vivyo hivyo log: ndani ya Maxima log ni ile ya asili, ambayo vitabu vyetu huiandika ln, na float(log(100)) inatoa 4.605 na ushei, si 2. Ukiitaka ya kizio cha 10 gawa kwa log(10). Ukiandika ln(x), itabaki ln(x) kama jina lisilojulikana. Pembe nazo ni za radiani, kwa hiyo float(sin(30)) inatoa -0.988; anayetaka digrii 30 aandike sin(30*%pi/180), naye atapata 1/2 safi.

Kosa jingine hujificha zaidi. Asubuhi umeandika x: 3 katika zoezi fulani. Mchana unataka derivetivu ya x^2, na Maxima inakataa kwa kuwa x si herufi tena, ni 3. Andika kill(all) kila unapoanza zoezi jipya. Na kwa milinganyo ya derivetivu, usisahau kialama cha juu mbele ya diff: ode2('diff(y,x) = k*y, y, x) inaleta y = %c*%e^(k*x) kama inavyotakiwa. Bila kialama hicho Maxima inaitafuta derivetivu ya y pale pale, inaona y haina uhusiano wowote na x, inaweka 0, na unatatua mlinganyo ambao hukuuandika.

Tabia yake nzuri kuliko zote, nayo ndiyo inayolalamikiwa zaidi, ni kuuliza maswali. Andika integrate(x^n, x) nayo itakuuliza kama n ni sawa na -1. Mgeni hudhani imekwama. Haijakwama, inasubiri ujibu no kisha Shift na Enter. Swali lenyewe ni la haki: n ikiwa -1 jibu ni log, isipokuwa -1 jibu ni x^(n+1)/(n+1), na hakuna jibu moja linalofunika yote mawili. Programu inayotoa jibu bila kuuliza imekuchagulia. Ukichoka na maswali, andika mapema assume(n > 0). Mwalimu wa kidato cha sita azingatie pia kwamba integrate(1/x, x) inatoa log(x), bila alama ya thamani kamili na bila c ya mwisho. Ukiweka logabs: true kwanza, utapata log(abs(x)). Hiyo c utaiongeza mwenyewe, na mwanafunzi aambiwe hivyo mapema kabla hajapoteza maksi.

Kuhusu desimali, mfano wa bahari unaeleza vizuri zaidi. Maji hujaa na kupwa kwa mawimbi mengi yaliyopandana. Makuu mawili ni la mwezi, lenye saa 12.42, na la jua, lenye saa 12. Yakipishana na kukutana tena ndipo panapotoka bamvua moja hadi nyingine, na muda huo ni 1/(1/12 - 1/12.42). Ukimpa Maxima mlinganyo wenye 12.42, itakuandikia kwamba imebadilisha 12.42 kuwa 621/50. Wengi huona ujumbe huo kero na kuuzima kwa ratprint: false. Usiuzime mpaka uuelewe. Unakwambia kwamba kuanzia hapo Maxima inaichukulia 12.42 kama ukweli mtupu, na itabeba 621/50 hadi mwisho bila kupunguza hata chembe. Jibu ni siku 14.786. Lakini muda wa wimbi la mwezi kwa ukaribu zaidi ni saa 12.4206, na ukiuweka huo unapata siku 14.765. Tofauti ni karibu nusu saa kwa kila bamvua. Ukihesabu mwaka mzima umeachana na bahari kwa takribani nusu siku. Maxima haikukosea popote. Uhakika wake ni wa hesabu, haugusi usahihi wa namba ulizoiletea, na kutoa namba mbili zinazokaribiana, kama 1/12 na 1/12.42, hukuza kosa dogo la mwanzo.

Sasa tuje kwenye udhaifu wenyewe, yaani kurahisisha. Maxima haina amri moja ya kurahisisha kila kitu. Ina ratsimp, trigsimp, radcan, expand, factor na ndugu zao, na mtumiaji huulizwa achague. Wapo wanaoona ni uzembe wa waandishi. Si hivyo. Mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba kwa semi zinazochanganya vitu kama sin, thamani kamili na pai, haiwezekani kabisa kuwa na utaratibu mmoja unaoamua kila mara kama usemi ni sawa na sifuri. Kwa hiyo hakuna programu, ya bure wala ya fedha nyingi, inayoweza kuahidi kurahisisha kila kitu. Kinachowezekana ni kuwa na eneo dogo lenye uhakika, na kwa Maxima eneo hilo ni la ratsimp: polinomia na migawanyo ya polinomia. Hapo, kama a na b ni sawa, ratsimp(a - b) itatoa 0. Huo ndio mtihani wa kutumia. Usitumie is(a = b), kwa sababu is((x+1)^2 = x^2+2*x+1) inajibu false; inalinganisha maandishi, hailinganishi thamani. Tumia is(equal(a, b)), na ikijibu unknown amini kwamba haijui kweli.

Radcan ndiyo ya kuogopa. Ukiipa sqrt(x^2 - 2*x + 1) inakurudishia x - 1. Weka x = 0: kipeuo ni 1, jibu la radcan ni -1. Imechagua tawi moja la kipeuo bila kukutangazia. Kwenye hesabu ndefu, ishara ya kutoa ikigeuka katikati hutaiona tena. Sheria tunayoitoa: radcan itumike pale tu unapojua kinachotoka nje ya kipeuo, kama x - 1 hapo juu, ni chanya, na kila jibu lake ujaribu kwa namba mbili tatu, mojawapo hasi.

Intigrali nazo zina mpaka wake. Robert Risch alitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 njia ya kuamua kama intigrali ya kanuni fulani inaandikika kwa kanuni za kawaida. Maxima ina sehemu ya njia hiyo, ile isiyohusu vipeuo. Kwa hiyo ikikurudishia integrate kama ulivyoandika, maana yake imeshindwa yenyewe; haijathibitisha kwamba jibu halipo. Kwa intigrali zenye vipeuo jaribu FriCAS, nayo ni ya bure na imeifuata njia ya Risch mbali zaidi. Jibu lolote likitoka, lihakiki kwa kurudi nyuma: ratsimp(diff(F, x) - f) itoe 0, F ikiwa jibu na f kanuni uliyoanza nayo. Kwa intigrali zenye mipaka, kurudi nyuma hakutoshi, maana kosa huwa kwenye tawi au kwenye nukta ambapo kanuni inapasuka. Linganisha na quad_qags(f, x, a, b), inayokupa namba nne: thamani, kadirio la kosa, idadi ya mara ilizopima, na msimbo. Msimbo 0 maana yake haikuona tatizo. Thamani hiyo na jibu la integrate zikipishana, shuku la integrate kwanza.

Milinganyo isiyo ya polinomia usiitegemee solve. Ukiiuliza x = cos(x) itakujibu x = cos(x). Tumia find_root(x - cos(x), x, 0, 1), upate 0.7390851332151607.

Kwa hesabu nzito, kipimo kizuri ni namba tasa. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alionyesha mbele ya wanahisabati wa Marekani kwamba 2^67 - 1 ni 193707721 mara 761838257287, kazi iliyomla Jumapili za miaka mitatu. factor(2^67-1) kwenye Maxima ni suala la dakika ya kuvuta pumzi. Lakini 2^128 + 1, iliyovunjwa 1970 na Morrison na Brillhart, hiyo ipeleke kwenye programu ya PARI/GP. Ilianzishwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1985 na Henri Cohen na wenzake, imeandikwa kwa C, ni ndogo mno na ina kasi kubwa kwa nadharia ya namba. Anayefanya tasnifu ya namba tasa au usimbaji wa siri aanze nayo moja kwa moja. Kwa mifumo ya polinomia, ile kazi ya besi za Gröbner aliyoianzisha Bruno Buchberger mwaka 1965, Maxima inayo ndani ya load(grobner), lakini ni ya kujifunzia. Milinganyo minne yenye vigeu vinne inaweza kuvimba katikati mpaka ikajaza RAM yote hata kama jibu la mwisho ni mstari mmoja. Kwa kazi hiyo tumia programu ya Singular ya Kaiserslautern, Ujerumani. Maxima ikiingia njia isiyo na mwisho, Ctrl+G huikata. Ukiona ujumbe wa heap exhausted, yaani kumbukumbu imekwisha, nenda mipangilio ya wxMaxima, sehemu ya vigezo vya ziada vya Maxima, uongeze -X "--dynamic-space-size 2000", ikiwa Lisp inayotumika ni SBCL; namba hiyo ni MB, na usiipandishe kupita RAM uliyonayo.

Kuna wanaouliza kwa nini wasiweke SageMath, iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, ambayo ndani yake zimo PARI, Singular, GAP na programu nyingine za hesabu. Kwa mtafiti ni chombo kizuri sana, na lugha yake ni Python. Lakini inakula GB kadhaa, kwenye Windows inahitaji kwanza uweke Linux ya ndani, na kwa intigrali za kawaida Sage huita Maxima hiyohiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayemaliza bando la mwezi kuipakua atapata majibu yaleyale. GeoGebra, ambayo walimu wengi wanaijua, inashinda kwa kuchora na kusogeza maumbo. Kwa kazi ndefu ya hatua nyingi daftari la wxMaxima linasomeka vizuri zaidi.

Kuhusu kuhifadhi: umeme wa Pemba unapita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na betri ya laptop kuukuu haishiki. Zoea Ctrl+S baada ya kila hatua. Hifadhi faili kwa wxmx ukitaka grafu na majibu yabaki. Hifadhi kwa wxm ukitaka maandishi matupu yanayofunguka hata kwa Notepad, na ndiyo aina inayofaa kutumiana kwenye simu. Ukifungua faili kesho yake, majibu ya jana utayaona kwenye skrini, ila Maxima yenyewe haikumbuki chochote. Bonyeza Ctrl+R ikokotoe upya kuanzia juu, ndipo uendelee.

Pengo kubwa kwetu ni lugha. wxMaxima imetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Tafsiri yake hukaa kwenye faili la po, maandishi ya kawaida yenye mstari wa asili na chini yake mstari wa kujaza. Pa kuanzia ni menyu na ujumbe wa makosa, si mwongozo mzima. Mlinganyo, kigawo, kigawe, kipeuo na namba tasa tayari zimo vitabuni mwa skuli. Kwa intigrali, matriksi na zile amri za kurahisisha, inabidi mwalimu wa hesabu na mwalimu wa Kiswahili wakae meza moja kabla mtu hajagusa faili.